Si Dawa Pekee: Muuguzi, Familia na Mwanamke Anayeugua Saratani

Mwanamke anapofika kliniki ya saratani kwa dozi yake, muuguzi humpima uzani, presha na joto, kisha huangalia majibu ya damu. Muuguzi anayeijua kazi yake huongeza swali ambalo hakuna mashine inayoweza kuliuliza: "Mama, nyumbani watoto umewaacha na nani?"

Swali hilo si la kupitisha wakati dawa ikichanganywa. Ni sehemu ya tiba. Makala haya yanaeleza kwa nini ni hivyo, na mkazi wa Kaunti ya Kilifi anayeugua au anayeuguza anaweza kutarajia nini kutoka kwa wauguzi wake.

Saratani ya matiti na ile ya mlango wa kizazi ndizo zinazowapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya. Kwa makadirio ya mwaka 2020 ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, zaidi ya wanawake 6,700 Wakenya waligunduliwa na saratani ya matiti mwaka huo, na zaidi ya 5,200 saratani ya mlango wa kizazi. Zote mbili zinatibika zikigunduliwa mapema na matibabu yakikamilishwa. Hapo kwenye kukamilisha ndipo penye shida.

Tibakemikali, ambayo wengi tunaiita kemo, mara nyingi hutolewa kila baada ya siku 21, kwa miezi kadhaa. Tiba ya mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida ni kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa muda wa wiki tano hivi. Kwa mionzi, mgonjwa wa huku kwetu kwa kawaida hutumwa Mombasa, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani, ile ambayo wengi bado wanaiita Makadara. Anayetoka Mtwapa anaweza kwenda na kurudi. Anayetoka Ganze, Bamba au Marafa hawezi. Itambidi aombe malazi kwa wifi au shangazi mjini, alale sebuleni wiki tano, akiwa anatokwa na majimaji yenye harufu na anaona haya kuomba maji ya kuoga mara ya pili kwa siku.

Wiki ya tatu anaaga, anasema anaenda kuwaona watoto, na harudi. Kwenye faili huandikwa kwamba mgonjwa hakufika. Dawa haikushindwa hapo. Kilichomshinda ni haya, nauli na upweke, na hayo yote mtu angeweza kuyajua mapema kama angemuuliza.

Maumivu yasiyoonekana kwenye picha

Huko London, mwaka 1967, Cicely Saunders alifungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuwatunza wagonjwa mahututi ambayo mfano wake umefuatwa na hospisi nyingi duniani. Mama huyu alianza kama muuguzi, akawa afisa wa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari. Kwa kupitia kazi zote tatu aliona jambo ambalo kila mmoja katika fani yake aliliona nusu tu: mgonjwa haumwi mwilini peke yake. Anaumwa pia moyoni, anaumwa katika uhusiano wake na watu na riziki yake, na anaumwa katika imani yake. Maumivu haya hushikana. Mama asiyejua ada ya shule ya mwanawe itatoka wapi hulala vibaya, na asiyelala husikia maumivu ya mgongo kuwa makali maradufu.

Ndiyo maana kumwongezea dawa peke yake wakati mwingine hakusaidii. Kinyume chake pia ni kweli, na tukiseme wazi: huwezi kumfariji mtu anayegaagaa kwa maumivu. Ushauri nasaha hauchukui nafasi ya dawa. Ikiwa daktari ameandika mofini, familia isiifiche kwa kuogopa kwamba mama atakuwa mraibu au kwamba dawa hiyo ni ya kumuaga. Ikitumiwa kama ilivyoelekezwa, kwa maumivu ya saratani, ni dawa salama, na mgonjwa aliyepumzika ndiye anayeweza kuzungumza, kula na kucheka na wajukuu.

"Sista, usimwambie"

Wauguzi wa Pwani wanalijua ombi hili. Majibu yametoka, na kabla mgonjwa hajaitwa, kaka mkubwa au mume anamvuta muuguzi pembeni: sista, tafadhali, mama asiambiwe, atakufa kwa hofu. Ombi hilo linatokana na upendo, na muuguzi hapaswi kulijibu kwa ukali. Lakini sheria iko upande wa mgonjwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mtu haki ya kuelezwa hali ya afya yake kwa lugha anayoielewa, na ya kutoa idhini kabla ya kutibiwa. Inataka pia habari zake zilindwe. Kwa hiyo mwenye habari ni mama mwenyewe, na ni yeye anayeamua nani mwingine ajue.

Kuna sababu nyingine isiyo ya kisheria. Mgonjwa karibu kila mara anajua. Anaona minong'ono inakatika akiingia, anaona binti zake wamefutafuta macho. Akifichwa, anabaki na hofu yake peke yake, na hana wa kumuuliza.

Namna ya kuambiwa ina uzito wake. Habari kama hii haitolewi kwenye foleni wala kwenye korido. Mgonjwa hukalishwa mahali pa faragha, akiwa na mtu anayemtaka yeye. Huulizwa kwanza anajua nini kuhusu ugonjwa wake na angependa kujua kiasi gani, kisha huelezwa kidogo kidogo, kwa Kiswahili au kwa Kigiriama kama ndicho kinachomwingia. Baada ya neno saratani, wengi hawasikii kinachofuata. Muuguzi mzoefu hunyamaza, husubiri, na hupanga siku nyingine ya kurudia maelezo yote tangu mwanzo. Ukiwa wewe ndiye uliyeandamana na mgonjwa, chukua karatasi na kalamu, andika.

Virusi, ndoa na lawama

Jambo hili tunalipa nafasi zaidi kwa sababu linavunja nyumba.

Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Mwanamke anaposikia hivyo hujiuliza kama mumewe alitoka nje. Mume naye anaposikia hujiuliza vivyo hivyo kuhusu mkewe. Pasipo mtu wa kueleza, swali hilo hukaa kati yao kitandani, na si ajabu mama akarudishwa kwao akiwa katikati ya matibabu.

Hali halisi ni hii. HPV ni virusi vya kawaida mno. Watu wengi walioanza kujamiiana hupata aina moja au nyingine wakati fulani maishani, na wengi mwili wao huvifukuza bila wao kujua. Kwa wanawake wachache virusi hukaa, na kutoka hapo hadi saratani huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya kumi. Huwezi kuvitazama leo ukasema vilitoka kwa nani wala lini. Si ushahidi wa uzinzi wa yeyote. Hilo muuguzi anapaswa kulisema waziwazi, na ikiwezekana alisema mbele ya wote wawili, kama mgonjwa ameridhia.

Saratani yenyewe haiambukizi. Hakuna haja ya sahani ya peke yake, kikombe cha peke yake wala mkeka wa peke yake. Mama anayetengewa chombo huelewa ujumbe huo hata kama hakuna aliyetamka neno.

Wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi wako katika hatari kubwa zaidi ya saratani hii, takriban mara sita ya wasio navyo. Wengi wao walishabeba unyanyapaa mmoja kwa miaka, sasa wanaongezewa wa pili. Kwa mgonjwa kama huyu faragha si adabu tu. Jina lake likiitwa kwa sauti kwenye benchi la kliniki mbili tofauti, kijiji kizima kitakuwa kimejua kabla ya magharibi.

Titi, nywele na yale yasiyoulizwa

Nywele huanza kudondoka wiki mbili au tatu hivi baada ya dozi ya kwanza ya baadhi ya dawa za kemo. Si dawa zote hufanya hivyo, na kwa kawaida nywele huota tena matibabu yakiisha. Mwanamke aliyeambiwa mapema huzinyoa mwenyewe au huomba dada yake amnyoe, akajifunga kilemba au leso kwa hiari yake. Ambaye hakuambiwa huamka akakuta mto umejaa nywele. Tofauti kati ya hao wawili ni dakika tano za muuguzi.

Aliyekatwa titi hupewa maelekezo ya kidonda, mazoezi ya mkono, na tahadhari ya mkono kuvimba. Apewe pia nafasi ya kulitazama kovu lake mara ya kwanza akiwa na mtu anayemwamini, bila haraka. Wengine huliangalia siku hiyohiyo. Wengine huoga gizani kwa miezi. Kuna vikundi vya wanawake waliopona hapa Kenya wanaofuma matiti bandia kwa uzi laini, mepesi na yanayofulika, na mgonjwa anaweza kuulizia kliniki. Kipande cha kanga kilichokunjwa ndani ya sidiria nacho kimewasaidia wengi, ila mpaka kidonda kipone vizuri.

Halafu kuna jambo ambalo mgonjwa haulizi na muuguzi kijana huogopa kuligusa: tendo la ndoa. Mionzi ya nyonga inaweza kuufanya uke kuwa mkavu na mwembamba, na kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi inaweza kuikomesha na kuondoa uwezo wa kuzaa. Kuna mafuta maalumu ya kulainisha, kuna vifaa vya kutanua uke polepole, na kuna ushauri wa lini ni salama kuanza tena. Haya yote yanahitaji mtu ayataje. Mwanamke anayetaka kuzaa aulize juu ya uzazi kabla ya matibabu kuanza, kwa sababu baadaye huenda kukawa hakuna la kufanya. Kama unaona haya kuzungumza na muuguzi wa kiume, omba wa kike. Huna haja ya kutoa sababu.

Huzuni ya kawaida na huzuni inayohitaji tiba

Kulia ni kawaida. Hasira pia, na kukataa kuamini. Muuguzi hana kazi ya kumwambia mgonjwa "jikaze" wala "usilie, Mungu yupo". Maneno hayo, hata yakisemwa kwa nia njema, humfunga mtu mdomo. Kazi yake ni kusikiliza, na kutambua wakati huzuni imevuka mpaka.

Zana za kufanyia hivyo si ngumu. Moja ni kipimo kilichochorwa kama cha kupimia joto, chenye namba kutoka 0 hadi 10. Mgonjwa huonyesha wiki hii mzigo wake wa mawazo umefika wapi. Akionyesha 4 au zaidi, huulizwa zaidi: ni pesa, ni watoto, ni usingizi, ni imani, ni mume? Nyingine ni maswali mawili. Katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Majibu ya ndiyo kwa siku nyingi yanataka mgonjwa aonwe na mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Msongo wa namna hii ni ugonjwa, una tiba, na hauonyeshi imani haba.

Familia inaweza kuuliza maswali hayohayo nyumbani. Mama akisema afadhali afe, au akianza kugawa vitu vyake, usimkemee na usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Wengine huficha kwa kuogopa polisi. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Mtu katika hali hiyo ni wa kusaidiwa.

Kikundi husaidia nini

Wanawake wa kaunti hii hawahitaji kufundishwa maana ya chama. Kikundi cha wagonjwa wa saratani hufanya kazi kwa namna inayofanana: aliyetangulia humwambia anayeanza kwamba siku ya tatu baada ya kemo ndiyo iliyomtesa zaidi, kwamba uji mwepesi na tangawizi vilimkalia tumboni, kwamba matatu ya asubuhi haina msukumano.

Tusitie chumvi, hata hivyo. Mwaka 1989 daktari David Spiegel wa Marekani na wenzake walitoa utafiti kuhusu wanawake 86 wenye saratani ya matiti iliyosambaa, ulioonyesha kwamba waliokutana kwenye vikundi waliishi muda mrefu zaidi. Habari ikaenea. Mwaka 2001 utafiti mkubwa zaidi, wa wanawake 235 nchini Kanada, haukuona nyongeza hiyo ya maisha. Ulichokiona ni kwamba waliokuwa kwenye vikundi walisumbuka kidogo zaidi moyoni na walisikia maumivu kidogo zaidi, hasa wale waliokuja wakiwa wameelemewa. Kwa hiyo atakayekwambia kikundi kinaponya saratani, usimwamini. Kinachopunguza ni mateso, na hilo linatosha kumfanya mtu aje.

Wako pia wasiopenda kukaa katika duara na kusimulia mambo yao. Hao wasilazimishwe. Mazungumzo ya watu wawili tu, yeye na mwanamke mmoja aliyepona, yanaweza kumfaa zaidi.

Mombasa ipo Coast Hospice, inayotoa huduma shufaa, yaani utunzaji wa kupunguza maumivu ya mwili na ya moyo pamoja na ushauri kwa familia. Huduma hii si ya wanaokata roho tu. Mgonjwa anaweza kuianza tangu siku za mwanzo akiendelea na kemo au mionzi. Anayetibiwa Nairobi anaweza kuulizia Faraja Cancer Support Trust, inayowahudumia wagonjwa na walezi wao bila malipo.

Nyumbani na kijijini

Muuguzi humwona mgonjwa kwa saa chache. Siku zilizobaki ni zenu. Jirani akitaka kusaidia, asiseme "ukihitaji kitu niambie", kwa maana mgonjwa hataomba. Aje achote maji. Achukue watoto siku ya kliniki. Mume aende naye angalau mara moja, aone sindano inavyochomwa na foleni ilivyo. Wanaume wengi hubadilika baada ya siku hiyo moja.

Maombi na dua zina nafasi yake, na mgonjwa akitaka kuonana na imamu au mchungaji wodini, amwambie muuguzi. Ila mtu wa dini anayemwamuru mgonjwa atupe dawa ili aonyeshe imani amevuka mpaka wake. Hali kadhalika anayesema mama ametupiwa ugonjwa na bibi fulani wa mji wa pili. Maneno ya namna hiyo yameshawagharimu wazee maisha yao katika kaunti hii, na hayajawahi kupunguza uvimbe hata kidogo.

Mwajiri naye ajue kwamba Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani ya mwaka 2012 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ana saratani.

Wahudumu wa afya ya jamii ni kiungo kati ya kijiji na kliniki. Ukiwa umekosa dozi kwa sababu ya nauli, mwambie wa kijiji chako. Apige simu kliniki ili upangiwe siku nyingine. Kukosa mara moja si mwisho wa matibabu, na hakuna anayepaswa kukufokea ukirudi.

Na kwa kuwa tumewataja wauguzi tangu mwanzo: nao huchoka. Muuguzi mmoja anaweza kuwafunga macho wagonjwa watatu katika wiki moja kisha akatakiwa kuingia kwa mgonjwa wa nne akiwa na tabasamu. Hospitali inayotaka wauguzi wasikilize wagonjwa haina budi kuwapa wauguzi wenyewe muda na mtu wa kuwasikiliza.

Kabla ya siku ya kliniki

Hakikisha umesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147# au kupitia hospitali iliyo karibu, na kwamba michango yako imelipwa. Matibabu ya saratani huhitaji idhini ya bima kabla ya kuanza, kwa hiyo muulize muuguzi au dawati la SHA mapema bima italipia kiasi gani na nini kitabaki juu yako. Kama nauli au malazi ndiyo shida, omba kuonana na afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujapangiwa mionzi, wala usingoje wiki ya tatu.

Beba kitambulisho, faili au kadi zako zote, dawa unazotumia ikiwa ni pamoja na za kienyeji, leso ya ziada, maji na chakula chepesi. Maswali yako yaandike usiku uliotangulia. Likiwamo lile unaloliona haya, liandike la kwanza, umpe muuguzi karatasi alisome mwenyewe.